Kioo cha Nyuma na Neno Ajali

Mwanadamu ameumbwa na macho mawili, na yote mawili yamewekwa mbele. Kwa mwenda kwa miguu upungufu huu si mkubwa, maana ni vichache vimfuatavyo kwa mwendo upitao wake, isipokuwa mbwa mkali au mdai. Lakini tangu mwanadamu alipopanda chombo na kuingia barabara moja na vyombo viendavyo kasi kuliko chake, kisogo kimekuwa mlango usio na bawabu. Dereva wa motokaa aliliona jambo hili mapema, akaweka bawabu wa kioo. Mpanda baisikeli hakuweka. Na mpaka leo wako watu wengi, wenye elimu na wasio na elimu, wamwambiao kuwa haimpasi kuweka. Watu hao wamekosea, na gharama ya kosa lao hulipwa na mtu mwingine.

Maneno mengi yasemwayo juu ya kioo cha baisikeli husemwa kwa kumfikiri mtu mmoja tu: kijana mwepesi asiye na mzigo, apandaye baisikeli kwa afya au kwa mashindano, awezaye kugeuza shingo apendavyo. Mtu huyo yuko, naye ana haki yake barabarani. Lakini siye azijazaye barabara za Afrika Mashariki. Azijazaye ni mtu wa kazi. Alfajiri, katika njia ziingiazo Dar es Salaam, huonekana akiendesha au akisukuma baisikeli yenye magunia ya mkaa, au madafu yaliyopangwa juu ya keria kama ukuta, au matenga ya kuku, au madebe ya maziwa. Huko Burundi huteremka milimani kwenda Bujumbura na mikungu ya ndizi iliyofungwa pande zote mpaka gurudumu la nyuma lisionekane. Huyu ndiye mtu ambaye hoja ya kioo yapasa kuanza naye na kumalizikia kwake.

Mtu huyu akiambiwa ageuze kichwa atazame nyuma, huambiwa jambo lisilowezekana. Akigeuza kichwa hulitazama gunia lake mwenyewe. Ili aone barabara ni lazima ainame na kuchungulia ubavuni mwa mzigo. Na hapo kiwiliwili hufuata shingo, bega hufuata kiwiliwili, na usukani hufuata bega. Baisikeli iliyolemewa nyuma huwa nyepesi mbele, nayo huyumba kuelekea upande ule ule autazamao, yaani upande wa kulia, ambako lori linataka kupita. Tena kwa mwendo mdogo wa kilomita 15 kwa saa baisikeli hukata zaidi ya mita 4 kwa kila sekunde. Sekunde mbili za kuchungulia ni mita 8 za barabara iliyopitwa bila kutazamwa, na katika mita 8 kuna nafasi ya kutosha kwa shimo, kwa mbuzi na kwa mtoto wa shule. Basi mpanda baisikeli mwenye mzigo hutakiwa achague kati ya kutoona mbele na kutoona nyuma. Wengi huchagua kutoona nyuma, wakamwachia Mungu na dereva.

Habari za asili ya kioo cha nyuma ni hoja zenyewe. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke wa Kiingereza aliyesifika kwa kuendesha motokaa, alitoa kitabu cha kuwaongoza wanawake wenziwe katika kazi hiyo. Humo aliwashauri wachukue kioo kidogo cha mkononi na kukiinua mara kwa mara ili waone kijacho nyuma. Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, Ray Harroun aliingia katika mashindano ya maili 500 huko Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake katika motokaa yake. Ilikuwa desturi ya washindani kuchukua fundi wa kukaa ubavuni na kuwaarifu nani anakuja nyuma, kama utingo amwarifuvyo dereva wa lori. Watu walipolalamika kuwa mtu asiye na fundi ni hatari kwa wenziwe, Harroun alifunga kioo mbele yake, akashindana, akashinda. Maana ya jambo hili haifichiki. Kutoona nyuma kulihesabiwa kuwa kosa la kumpinga mtu asishindane, na kioo kilikubaliwa kuwa badala ya mtu mzima mwenye macho yake.

Baisikeli ilikuwa imekwisha kuwapo barabarani kabla ya motokaa hizo, lakini haikupewa sehemu katika busara hiyo. Mataifa yalipoandika huko Vienna mkataba wa usafiri wa barabarani wa tarehe 8 Novemba 1968, motokaa iliagiziwa kioo. Baisikeli nayo iliagiziwa vyombo vyake: breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, taa nyeupe au ya manjano mbele, na taa nyekundu nyuma. Orodha hii ni njema, lakini akiipima mtu ataona ajabu moja. Kengele ni ya kusikiwa na wengine. Kiakisi na taa ya nyuma ni vya kuonwa na wengine. Taa ya mbele na breki ni vya kumsaidia mtu katika mambo ya mbele yake. Hakuna hata chombo kimoja cha kumjulisha yajayo nyuma. Mkataba ulimtaka mpanda baisikeli asikike na aonekane. Haukufikiri kuwa naye ana haja ya kuona. Umemfanya kama nguzo iliyopakwa chokaa kando ya njia, ambayo kazi yake ni kutazamwa na wapitao.

Wapinzani wa kioo wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza moja moja.

Hoja ya kwanza ni sikio. Husemwa kuwa lori hujitangaza lenyewe, na kwamba mpanda baisikeli mzoefu hulijua kwa mngurumo kabla halijafika. Hoja hii ilikuwa na nguvu wakati barabara ilipokuwa kimya na lori lilipokuwa moja. Leo katika njia kuu za mji ngurumo ni nyingi, na mngurumo mmoja hufunikwa na mwingine: daladala hupiga honi kuita abiria, pikipiki hupenya kushoto na kulia, na upepo hupuliza masikioni. Tena sikio ni shahidi asiyejua vipimo. Husema kuwa kitu kiko nyuma. Halisemi kina upana gani, wala kama kimesogea kando kumwachia mtu nafasi, wala kama kinaburuta tela ambalo litapita baada ya kichwa kwisha kupita. Na sasa vimekuja vyombo vya umeme, nazo pikipiki za namna hiyo zimekwisha ingia Nairobi na Kigali. Huko Ulaya ukimya wa motokaa za umeme ulionekana kuwa hatari kiasi cha kutungiwa amri: kuanzia mwaka 2019 aina mpya za motokaa hizo zilitakiwa zitoe sauti ya kutengenezwa zinapokwenda polepole, mpaka mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Ikiwa watunga sheria wamekiri kuwa sikio peke yake halitoshi, anayemtaka muuza madafu ategemee sikio amechelewa kupata habari. Na viziwi wapandao baisikeli wamekwisha sahauliwa kabisa katika hoja hii.

Hoja ya pili ni kuwa kioo hudanganya. Hapa wapinzani wanasema kweli nusu. Kioo bapa huonyesha umbali sawasawa, lakini eneo lake ni dogo. Kioo cha mbinuko huonyesha eneo kubwa, lakini hukifanya kitu kionekane kidogo na mbali kuliko kilivyo. Tena upo upande ambao kioo hakiuoni kabisa, na pikipiki huweza kujificha humo. Kwa hiyo anayetaka kukata kulia, na kuvuka njia ya vyombo vingine, haimpasi kuamini kioo peke yake. Atazame kioo kwanza. Aonapo nafasi, atoe mkono, kisha ahakikishe kwa macho yake. Na ikiwa mzigo haumruhusu kugeuka, ashuke kando ya barabara avuke kwa miguu. Lakini hoja hii haikivunji kioo, bali hukipa mipaka. Hakuna mtu aliyetupa saa kwa kuwa hupungua dakika mbili kwa juma. Hujifunza upungufu wake akaitumia. Na mwenye kioo huchagua mwenyewe saa ya kugeuza kichwa, maana amekwisha ona kuwa njia i wazi. Asiye na kioo hugeuka kwa kubahatisha.

Hoja ya tatu ni mtikisiko. Hii imetoka kwa Harroun mwenyewe, ambaye inasimuliwa kuwa baadaye alikiri kuwa njia ya matofali ya Indianapolis ilikitikisa kioo chake hata hakuona kitu. Ni maneno ya mtu mwaminifu, wala hayafai kufichwa. Lakini kosa ni la mkono ulioshika kioo zaidi kuliko la kioo. Mkono mwembamba mrefu uliofungwa kwa nati iliyolegea hutikisika hata barabara ikiwa laini. Mkono mfupi mgumu uliokazwa vema hutulia. Tena mahali ambapo kioo hutikisika sana ni kwenye njia ya mawe na mashimo, ambako aghalabu vyombo vyote huenda polepole; na mahali ambapo hutulia ni juu ya lami, ambako lori hupata nafasi ya kukimbia. Kwa motokaa iendayo kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ni mita 22. Huko ndiko kioo kihitajikako, na huko ndiko kifanyako kazi.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo izuiayo watu wengi: kioo ni urembo. Wako vijana waliovifunga vioo viwili na vitatu juu ya usukani pamoja na maua ya plastiki na vitambaa, na vioo hivyo vilitazama mawingu au uso wa mwenyewe. Wazee waliona, wakacheka, na kicheko chao kimebaki. Mtu mzima mwenye kioo huogopa kuonekana mshamba anayejipamba, au mwoga anayetazama nyuma kama mwizi. Lakini matumizi mabaya ya kitu si hukumu ya kitu. Kofia huvaliwa kwa maringo na jua halikuacha kuchoma. Ama woga, nahodha atazamaye wingu la kusi haitwi mwoga na mabaharia wake, huitwa nahodha.

Hoja ya tano ni ya watu wenye huruma, na kwa hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Hawa husema: anayegongwa kwa nyuma hana kosa, mwenye kosa ni aliyemgonga. Mkimpa mpanda baisikeli kioo leo, kesho dereva atasimama mahakamani na kuuliza, "Kwa nini hakutazama?" Mzigo wa hatia utahama kutoka kwa mwenye tani kumi kwenda kwa mwenye magurudumu mawili. Hofu hii si ya bure. Dereva ajaye nyuma hana haja ya kioo wala ya kugeuka ili amwone mpanda baisikeli. Yuko mbele ya macho yake, mchana kweupe. Wajibu wa kupunguza mwendo na kuacha nafasi ni wake, na hakuna kioo duniani kiwezacho kumwondolea. Kwa sababu hiyo hiyo yapasa kuwapinga wale wa upande wa pili, watakao kioo kiwe sharti la sheria lenye faini. Sheria ya namna hiyo haitamwokoa muuza mkaa. Itamsimamisha njiani kila asubuhi, na faida ya safari yake itabaki kwa aliyemsimamisha.

Lakini huruma itakayo mtu asione, ili hatia ya mwenziwe ibaki safi, ni huruma ya ajabu. Hukumu ya mahakama hutolewa baada ya mazishi, na haki ya marehemu hupokewa na warithi. Kioo hakitumiki kwa ajili ya hakimu. Hutumiwa na mtu aliye hai, katika sekunde tatu anazozimiliki. Mfano wake ni huu. Mbele ya mpanda baisikeli kuna shimo, na nyuma yake kuna basi. Asiyejua habari za basi hulikwepa shimo kwa kwenda kulia, maana kushoto lami imekatika na ukingo wake una kimo cha kuangusha baisikeli yenye mzigo. Kulia huko ndiko anakokutana na basi. Mwenye kioo hukwisha jua tangu mbali kuwa basi linakuja. Hushika breki mapema, huliacha lipite, kisha hulizunguka shimo kwa utulivu. Hakumlinda dereva na hatia yake. Amejilinda yeye na watoto wake. Kazi kubwa ya kioo ni hii, kumwambia mtu ni wakati gani asikwepe.

Husemwa pia kuwa dawa ya kweli ni njia za baisikeli zilizotengwa, na ushahidi hutolewa wa Uholanzi, ambako mamilioni hupanda baisikeli na vioo ni vichache. Ni kweli, na ushahidi huo ni mzuri. Lakini unathibitisha jambo lingine. Waholanzi hawakuacha kioo kwa kuwa hakifai. Walijenga njia ambazo malori hayaingii, na hapo haja ikapungua. Katika Dar es Salaam njia za baisikeli zilitengenezwa kando ya Barabara ya Morogoro pamoja na njia za mabasi ya mwendokasi, ambayo yalianza kazi mwaka 2016. Ni mwanzo mwema, lakini njia yenye mwanzo ina na mwisho, na pale iishapo mpanda baisikeli hurudi katikati ya vyombo vya moto. Anayedai njia anadai haki. Anayefunga kioo anaishi mpaka haki hiyo ifike. Hakuna ugomvi kati ya watu hawa wawili, na mara nyingi yafaa wawe mtu mmoja.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo haitoki kwa mafundi wala kwa wanasheria, bali hutoka katika lugha. Ni methali isemayo kuwa ajali haina kinga. Husemwa msibani, husemwa kituoni, husemwa na dereva aliyegonga na ndugu wa aliyegongwa. Na ikishasemwa, maswali hukoma. Kwa hiyo yafaa neno hili lipimwe na wale ambao kazi yao ni maneno. Ajali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani siku ambayo umri wa mtu umekadiriwa kukoma. Kwa maana hiyo ya majaaliwa na mauti lilikaa katika Kiswahili siku nyingi. Vyombo vya moto vilipokuja, neno lilihamia barabarani, likawa jina la kila mgongano: breki iliyokatika, dereva aliyesinzia, lori lililopita bila kuacha nafasi. Jina lilibadili kazi, lakini methali haikuambiwa. Kwa maana ya zamani methali ni kweli tupu, kwa kuwa siku iliyoandikwa haina wa kuizuia. Kwa maana mpya si kweli, maana breki hukaguliwa, usingizi hulalwa, na lori lijalo nyuma huonekana katika kioo. Watu huchukua ukweli wa neno la zamani wakalivika neno jipya, na ndani ya vazi hilo uzembe hupita ukiheshimiwa kama kadari.

Lugha hiyo hiyo ina methali nyingine, tahadhari kabla ya hatari. Na dini ya wengi wa pwani haikuwafundisha uvivu, maana inajulikana habari ya bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Mpanda baisikeli afungaye kioo hafanyi zaidi ya bedui yule. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu ya wafao hivyo ni waenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Kuziita roho zote hizo ajali, kwa maana ya siku zilizoandikwa, ni kumsingizia Mungu kazi ya madereva.

Litakiwalo si kubwa. Baisikeli iuzwe na kioo chake kama iuzwavyo na kengele yake, ili mnunuzi asione kuwa amepewa pambo. Kiwe upande wa kulia katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako vyombo hupita kushoto. Na upande wa kushoto katika Rwanda, Burundi na Kongo, ambako hupita kulia. Mkono wake uwe mgumu, na kwa mchukuzi wa magunia ufike nje ya upana wa mzigo, asije akafunga kioo cha kutazamia mkaa. Mwenye kioo ajizoeze kukitupia jicho mara moja na kurudi mbele, maana anayekikodolea atagonga kilicho mbele kwa kukiogopa kilicho nyuma. Na dereva wa lori aendelee kudaiwa kila anachodaiwa leo, bila kupunguziwa hata hatua moja ya nafasi anayopaswa kuacha.

Kipande cha kioo kisichozidi kiganja cha mkono hakiwezi kulizuia lori. Lakini muuza madafu aendaye mjini alfajiri, akiwa na ukuta wa riziki yake mgongoni, ana haki ya kujua kinachokuja, wala haifai aambiwe kuwa hiyo ni kadari na mtu aketiye nyuma ya vioo vitatu.